MS na shida za mwili zinazosemwa kwa kunong'ona: maswali ninayoulizwa Moshi na Arusha

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na mdogo wangu wa tumbo moja anaishi na MS hapa Moshi. Maswali haya nimeulizwa kwenye foleni za kliniki, kwenye simu usiku, na mengine msibani, mtu akinivuta pembeni nyuma ya turubai. Karibu yote huanza na "Samahani dada, ni jambo la aibu kidogo." Sijayapanga kama kitabu kinavyopanga. Nimeyaacha yaje kama yanavyonijia.

MS yenyewe ni ugonjwa gani?

Jina lake refu ni maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia ganda la mafuta linalofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo, uti wa mgongo na macho. Ganda hilo huitwa mayelini. Waliokulia mlimani wanaijua mifongo, ile mifereji ya wazee inayoleta maji mashambani. Kingo zikibomoka, maji hayakatiki mara moja. Yanavuja njiani, yanachelewa, na shamba la mwisho linapata matone. Ujumbe kutoka ubongoni nao huwa hivyo.

Si ugonjwa mpya. Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa, aliueleza kinaganaga mwaka 1868. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Hauambukizwi. Kwa kuwa huku kwetu wanaojulikana kuwa nao ni wachache, mtu anaweza kutibiwa malaria na "presha" kwa miaka kabla ya yeyote kuutaja.

Na huo mfumo wa fahamu unaojiendesha ndio upi?

Ni ile sehemu ya mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila kukuuliza: moyo upige kwa kasi gani, presha ikae wapi ukiinuka, jasho litoke lini, chakula kisogee, kibofu kishike au kiachie. Amri hizo hutoka ndani ya ubongo na kwenye shina lake, zikashuka na uti wa mgongo mpaka chini kabisa ya mgongo. Hiyo ni njia ndefu, na MS hupenda kuweka makovu yake humohumo.

Ndiyo maana unaweza kumwona mtu anatembea vizuri sokoni Mbuyuni, kapendeza, anacheka, kumbe tangu asubuhi anahesabu vyoo.

Nikisimama naona giza, kichwa kinazunguka. Kila nikipimwa presha naambiwa nzuri. Je, ni woga?

Si woga. Swali ni ulipimwa ukiwa umekaaje. Mdogo wangu alipimwa mara nne katika kituo kimoja, zote akiwa ameketi kwenye benchi, na zote akaambiwa "presha yako nzuri dada, kunywa maji." Shida yake ilikuwa inaanza pale anapoinuka kwenye hilo benchi.

Unaposimama, damu ya kiasi cha nusu lita hadi lita nzima hushuka kwenye miguu na tumbo. Kwa kawaida mishipa ya damu hujikaza papo hapo na moyo huongeza kasi kidogo, wala hujui kilichotokea. Amri ikichelewa njiani, presha inaporomoka na ubongo unakosa damu kwa sekunde kadhaa. Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mkubwa zaidi: umekaa dakika kumi umekunja miguu, unanyanyuka ghafla, ukuta unakuja.

Pima hivi, na kipimo cha mkononi cha kawaida kinatosha. Lala chali dakika 5, pima. Simama, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ni presha ya kushuka kwa kusimama. Andika pia mapigo ya moyo. Wapo ambao presha yao haishuki, ila mapigo yanaongezeka kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama, wakihisi moyo unataka kutoka. Hiyo ni hali nyingine, nayo daktari anapaswa kuijua. Fanya haya ukiwa na mtu karibu wa kukushika.

Kabla ya kuilaumu MS, yatazamwe ya kawaida: upungufu wa damu, malaria, kuhara, ujauzito, sukari. Halafu dawa. Za presha zinajulikana, lakini amitriptilini unayopewa kwa maumivu na tizanidini ya kulegeza misuli nazo hushusha presha. Usiziache mwenyewe. Baklofeni hasa, nayo ya kulegeza misuli, ukiikata ghafla inaweza kukuletea degedege. Rudi kwa aliyekuandikia.

Nifanye nini nyumbani kwa hicho kizunguzungu?

Amka kwa vituo. Kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha nyayo, kaza misuli ya mapaja, ndipo usimame. Glasi mbili za maji ukizinywa kwa mkupuo kabla ya kuinuka asubuhi hupandisha presha kwa muda, na hilo halina gharama. Ukilazimika kusimama muda mrefu, msibani au kanisani, pishanisha miguu na uikaze. Ikianza kuzunguka, keti. Hakuna mzee wa kanisa atakayekufukuza kwa kuimba umekaa.

Mlo mkubwa wa mchana huvuta damu tumboni, kwa hiyo kula kidogo mara nyingi. Pombe hulegeza mishipa ya damu, na mbege ni pombe hata kama babu anaiita chakula. Inua kitanda upande wa kichwa kwa matofali.

Hospitali huwapa watu soksi ndefu za kubana na mkanda wa tumbo. Soksi zinazoishia chini ya goti hazisaidii sana, kwa sababu damu nyingi hukaa tumboni na mapajani. Lakini mkanda wa tumbo mama zetu wanaujua: ni mkaja. Ufunge ukiwa umelala, kabla hujainuka, na uufungue unapolala. Mdogo wangu alicheka nilipomwambia, akasema hajatoka kuzaa. Sasa hatoki bila mkaja.

Chumvi ya ziada na dawa kama midodrini au fludrokotisoni ni za kuamuliwa na daktari. Chumvi inayomfaa mmoja inaweza kumuumiza jirani yake mwenye presha ya juu.

Kwa nini joto la Moshi linanimaliza, na nikiwa Arusha nina nafuu?

Swali hili huja kila Januari na Februari, jua likiwaka kiasi kwamba hata mbwa wa stendi hawabweki. Mji wa Moshi uko kama mita 800 juu ya bahari na Arusha kama mita 1,400, na tofauti hiyo mwili wako unaisikia kabla ya kipimajoto.

Mshipa uliopoteza ganda lake hubeba ujumbe kwa shida, na joto la mwili likipanda hata kwa nusu nyuzi, ujumbe unaweza kukwama kabisa. Macho yanafifia, mguu unalegea, maneno yanakuwa mazito. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, aliandika habari hiyo mwaka 1890, alipoona wagonjwa wake wanafifia macho baada ya kujichosha. Kabla ya MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo na uti wa mgongo, madaktari waliwahi kutumia beseni la maji ya moto kama kipimo: mtu akilegea humo, wanaishuku MS.

Juu ya hayo, mfumo unaojiendesha ndio unaoamuru jasho. Wagonjwa wengine hutoa jasho kidogo, au sehemu fulani ya mwili tu, na wasiotoa jasho vizuri hawapoi. Kwa hiyo wanapigwa mara mbili.

Jambo la kushika ni kwamba udhaifu wa joto huondoka ukipoa, na hauongezi kovu ubongoni. Shambulio jipya la MS hudumu zaidi ya saa 24, na huja bila homa wala maambukizi ya kulieleza. Ukilegea saa nane mchana na saa mbili usiku uko sawa, lilikuwa joto.

Nenda sokoni asubuhi na mapema. Lowesha kitenge ukiweke shingoni. Kuni na mkaa waachie wengine inapowezekana. Anayekaa jikoni na mafiga si mvivu akiomba msaada. Na wa Arusha msijione mmepona. Mwezi wa saba baridi ikikaza, mnachemsha sufuria zima la maji ya kuoga, mnatoka bafuni mkijishika ukutani. Yawe vuguvugu. Wengine huniuliza kama wahamie Marangu. Kama shamba la mzee lipo na huna watoto shuleni mjini, sioni ubaya, ila angalieni choo kiko umbali gani na nyumba na njia ina utelezi kiasi gani wakati wa masika.

Mkojo unanitoka kabla sijafika chooni. Umri wangu ni 34. Nitamwambia nani?

Niambie mimi, na kisha umwambie daktari. Takriban wagonjwa 8 kati ya 10 wa MS hupata shida ya kibofu wakati fulani. Ndiyo shida kubwa kuliko zote kwenye ukurasa huu, na ndiyo inayofichwa kuliko zote.

Shida zenyewe ni za namna mbili, na ukizichanganya unaweza kujidhuru. Kuna kibofu kinachokurupuka: kimeingia kidogo tu, tayari kinasukuma, unakimbia. Na kuna kibofu kisichomaliza: unakojoa, unaona umekwisha, kumbe kimebaki nusu. Wengine wana zote mbili kwa pamoja, kibofu kinasukuma huku mlango wake umejifunga. Kwa nje dalili zinafanana, kwenda mara kwa mara na haraka. Lakini dawa ya kutuliza kibofu kinachokurupuka, kama oksibutinini, ukimpa mtu ambaye kibofu chake hakimalizi, unamzibia kabisa.

Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote, omba kipimo kimoja rahisi. Kojoa, kisha upimwe kwa ultrasaundi papo hapo kuona kilichobaki. Kikizidi mililita 100 hivi, madaktari wengi hufikiria mpira wa mkojo wa kujiwekea na kuutoa mwenyewe mara kadhaa kwa siku. Najua neno "mpira" linatisha. Watu wanafikiri ni ule wa wazee na mfuko ubavuni. Huu unauingiza, mkojo unatoka, unautoa, unanawa, unaendelea na safari. Mdogo wangu alilia siku ya kwanza. Wiki ya tatu aliniambia amelala usiku mzima bila kuamka, na hajakumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Msipunguze maji ya kunywa. Kila mtu anafanya kosa hilo. Mkojo mzito huwasha kibofu, huleta maambukizi na kufunga choo. Kunywa lita moja na nusu hadi mbili mchana, punguza saa mbili tatu kabla ya kulala. Jioni inua miguu juu ya stuli saa moja hivi: maji yaliyojaa miguuni mchana hurudi kwenye damu na kutoka kabla hujalala, badala ya saa nane usiku. Kahawa huchokoza kibofu, lakini sisi Wachaga tunailima tu, tunachokunywa ni chai. Chai ya rangi nayo ina kafeini ileile, na soda nyeusi pia.

Na safari ya basi kwenda Dar?

Mwambie konda kabla basi halijaondoka, tena kwa sauti ya kawaida: "Kaka, mimi ni mgonjwa, nitaomba kuchimba dawa." Makonda wengi ni waungwana wakiambiwa mapema, na wakali wakishtukizwa. Kaa karibu na mlango, upande wa kivuli. Vaa pedi kubwa na gauni au suruali nyeusi. Usikae bila kunywa maji mpaka Korogwe. Piga funda kidogo kidogo.

Nikipata yutiai miguu inakataa kabisa. Ni MS imerudi?

Mara nyingi ni maambukizi yenyewe. Homa hupandisha joto, na joto unajua linachofanya. Ndiyo maana kabla ya kuanzishiwa sindano za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa ndani, kwa "shambulio", mkojo upimwe kwanza.

Na hapa nina ugomvi na mazoea yetu ya duka la dawa. Unaenda, unasema "yutiai", unapewa vidonge, baada ya mwezi unarudi. Safari ya tatu wadudu wamezoea. Omba mkojo uoteshwe maabara, ijulikane ni mdudu gani na dawa gani inamuua. Na maambukizi yakijirudia, swali la kuuliza ni kama kibofu kinamaliza.

Choo je? Naweza kukaa siku tano.

Utumbo nao unapokea amri zilezile zilizochelewa. Ongeza kutotembea, kunywa maji kidogo kwa kuogopa mkojo, vidonge vya madini ya chuma, oksibutinini na amitriptilini, ambazo zote hufunga choo, na siku tano zinaeleweka.

Kula papai, parachichi, maharage, mboga za majani, ugali wa dona. Nenda chooni dakika ishirini au thelathini baada ya chai ya asubuhi, iwe unasikia au husikii, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana huamka. Kuchuchumaa husaidia choo kutoka. Kama una choo cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu. Ukiamka, kumbuka kizunguzungu.

Angalia mtego huu: choo kigumu kinaziba, na maji yanapenya pembeni. Mtu anadhani anaharisha, anakunywa dawa ya kuzuia kuhara, anajiziba zaidi. Ukiwa umekaa siku nyingi bila choo halafu "ukaharisha", mwone mtaalamu kwanza. Na utumbo uliojaa hukandamiza kibofu. Nimeona watu wakipata nafuu ya mkojo kwa kutibiwa choo tu.

Mambo ya unyumba yamekufa. Mume wangu anasema nimempata mwingine.

Wanaume huniuliza hili kupitia kwa wake zao, au kupitia kwa shemeji, au wanaanza na habari za mpira wa Simba na Yanga kwa robo saa. Wanawake husema moja kwa moja, lakini mwishoni kabisa, wakiwa wameshashika kitasa.

Nguvu za kiume, ukavu, kukosa hisia, kushindwa kufika: yote hutegemea mishipa ileile ya chini ya mgongo inayoendesha kibofu. Hakuna usaliti hapo. Kwa wanaume sildenafili huwafaa wengi, lakini ni hatari pamoja na dawa za moyo za naitreti, na hushusha presha ya aliye na presha ya kushuka tayari. Kwa hiyo isinunuliwe kwa kificho stendi. Kwa wanawake kilainishi chenye asili ya maji hubadilisha mengi. Kojoa kwanza. Chagua asubuhi, kabla ya uchovu na joto. Kwa mwanamke, MS haizuii mimba, kwa hiyo msiiache kinga mkidhani ugonjwa umeifanya kazi hiyo. Na baadhi ya dawa za MS hazifai ujauzito, ulizeni mapema.

Miguu yangu ni ya baridi kama barafu hata jua likiwaka, na inabadilika rangi.

Mishipa midogo ya damu haipati amri ya kufunguka na kujifunga vizuri. Mara nyingi haina hatari. Vaa soksi, lakini usiweke miguu yenye ganzi kwenye beseni la moto wala karibu na jiko, utaungua bila kusikia. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, hilo ni jingine. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa za MS zenyewe zinagusa moyo?

Baadhi. Fingolimodi hupunguza mapigo baada ya kidonge cha kwanza, kwa hiyo mgonjwa hukaa chini ya uangalizi saa 6. Kama umewahi kuzimia au una shida ya moyo, sema kabla hujaimeza.

Naweza kufunga Ramadhani au Kwaresima?

Bila maji mchana kutwa katika joto la Moshi, mwenye presha ya kushuka na choo kigumu anajitafutia kuanguka. Dini imemruhusu mgonjwa asifunge. Ongea na shehe au padri wako na daktari wako, na usisubiri mpaka uzimie ndipo uombe ruhusa.

Kijijini wanasema nimerogwa. Hospitali nao wanasema ni sukari.

La kwanza sitabishana nalo hapa, ila nasema hivi: anayekuombea asikuzuie kwenda kliniki. La pili ni la maana. Sukari huharibu mishipa hii hii inayojiendesha, na huku kwetu ni sababu ya kawaida kuliko MS. Virusi vya Ukimwi na upungufu wa vitamini B12 navyo vinaweza kuiharibu mishipa ya fahamu. Kwa hiyo pimwa vyote. Hata mwenye MS iliyothibitishwa anaweza kupata sukari.

Lini niache kusoma nikimbie hospitali?

Mkojo umegoma kabisa na tumbo la chini limejaa. Homa na maumivu ya ubavu. Umezimia na kujigonga kichwa. Kifua kinauma. Na jambo moja adimu: mwenye kovu sehemu ya juu ya uti wa mgongo akipata ghafla kichwa kinachopasuka, uso mwekundu unaotoa jasho na presha iliyopaa, mketisheni wima, mlegezeeni nguo, na mwangalie kama kibofu kimejaa au mpira umejikunja. Mara nyingi chanzo kiko hapo. Hata akitulia, mpelekeni.

Nianzie wapi, na nitasemaje mbele ya daktari kijana wa kiume?

Anzia hospitali ya mkoa, Mawenzi kwa wa Moshi na Mount Meru kwa wa Arusha, upate rufaa ya kwenda KCMC, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Beba dawa zako zote na vipimo vya presha vya kulala na kusimama, vya siku kadhaa.

La kusema, liandike. Mdogo wangu aliandika mistari sita kwenye karatasi ya daftari la mwanawe: mkojo, choo, kizunguzungu, joto, jasho, na wa sita hakutaka hata mimi niusome. Hakusema neno, alimkabidhi tu. Yule kijana alisoma mpaka chini, akafunga faili, akavuta kiti karibu, akauliza: "Usiku unaamka mara ngapi, mama?" Miaka minne ya kliniki, ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa.